Pini ya Mama Waziri

Tulipoachana juma lililopita, pini ilikuwa ndani ya ubao, na Mama Mouna alikuwa amechuchumaa pembeni ya gati, kilemba chake kikiwa nusu wazi.

Kwa yule aliyekosa gazeti, tumukumbushe. Mama Mouna njo waziri wa usafiri wa jimbo. Mashua inaitwa Neema ya Marungu, balenieri ya mbao yenye kupakwa rangi mupya ya buluu na nyeupe Jumanne iliyopita. Saa sita muchana ilitakiwa ibebe wanachama mia tatu mpaka Moba, kwenye mukutano mukubwa wa chama. Na pini ilikuwa ya kilemba: ya fedha, ndefu kupita kidole cha kati, na kichwani ina shanga nyekundu ukubwa wa punje ya haragi. Aliachiwa na bibi yake. Bibi alikuwa muke wa fundi wa mashua, na muke wa fundi hapimi ubao kwa macho.

Ubao muzima unaikataa pini. Ubao huu uliikaribisha. Iliingia yote, mpaka kwenye shanga, kama kijiti ndani ya papai bivu.

"Kalafati je?" aliuliza Mama Mouna.

"Kalafati iko," akajibu Papa Damien, komiseri wa ziwa, muntu mwenye filimbi shingoni na mashaka usoni. "Pamba mupya, lami mupya kwenye nyufa zote. Rangi nayo mupya."

"Kila kitu mupya, isipokuwa mashua."

"Mashua njo ya zamani, Mama. Hapo sikatai."

Na hapo ndipo sauti moja ilisikika nyuma yao.

"Mama Waziri! Simama. Gavana anakuita."

Alikuwa Landry, mukurugenzi wa kabine, ofisi ya Gavana. Alikuja juu ya gati akiruka magamba ya samaki, ya mikebuka, muguu mumoja hapa, muguu mumoja pale, kwa sababu viatu vyake vilikuwa vya ngozi ya rangi ya maziwa.

Mama Mouna alisimama pole pole. Alifunga kilemba kwa fundo. Pini hakuichomoa.

"Papa Damien, ibaki pale. Hiyo njo alama." Akapima kwa mukono. Kutoka kwenye maji mpaka kwenye shanga kulikuwa kiganja kimoja. "Nikirudi nataka niikute pale pale. Mashua haina ruhusa."

"Na wakiniuliza kwa nini?"

"Waonyeshe pini."

Landry alikohoa kwa adabu. "Mama, mashua ina ruhusa. Inakosa sinyatire tu, sahihi yako."

Ndani ya jeep Landry alimupa karatasi. Ilikuwa ruhusa ya pekee, imeandikwa vizuri, bila kosa moja. Abiria: mia tatu. Hali ya chombo: nzuri sana. Chini kulikuwa mustari mutupu, na chini ya mustari jina la Mama Mouna.

"Nani aliandika 'nzuri sana'?"

"Kabine."

"Kabine imewahi kupanda ile mashua?"

"Kabine inapanda ndege, Mama."

Barabarani wanawake wa chama walikuwa wanateremuka kuelekea bandari, wote ndani ya kitenge kimoja chenye sura ya Mukubwa wa chama. Washonaji walikuwa wamefanya haraka. Kwa wengine sura ilikuwa mugongoni, kwa wengine ilikuwa imeangukia mahali pa kukalia. Mukubwa alikuwa anacheka sehemu zote mbili.

Simu ya Mama Mouna ililia. Ilikuwa Djamila, binti yake wa pekee, kiongozi wa waimbaji wa chama.

"Mama, wameanza kutupandisha! Nimepata nafasi nzuri, huku chini, karibu na ngoma. Hakuna jua."

"Djamila, shuka."

"Nishuke?"

"Shuka sasa hivi. Mashua mbovu."

"Mama! Mimi kiongozi, mutoto wa waziri, nishuke mbele ya watu wote hawa? Watasema nimekiacha chama. Si wewe njo uliniambia muntu akila kiapo hageuki?"

Mama Mouna alifungua kinywa. Alikuwa amesema hivyo kweli, tena si mara moja. Mutandao ukakatika.

Hakuogopa sana. Alijiambia: bila sinyatire, Damien hatawaacha waondoke. Na sinyatire iko mukononi mwangu. Aliutazama mukono wake. Ulikuwa na wino kidogo kwenye kidole gumba, na lami kidogo kwenye kucha.

*

Gavana Chérubin hakuwa muntu wa kelele. Magavana wenye kelele wanajulikana mapema na watu wanajificha. Yeye alimiminia wageni chai mwenyewe.

"Kaa, Mama Mouna. Umekula?"

"Nimekula, Papa Gavana."

"Haujakula. Ukishakula unakaaga vizuri zaidi." Akamimina chai ya tangawizi. Juu ya ukuta, mashine ya baridi ilikuwa inadondosha maji ndani ya ndoo tupu ya mayonezi. Tone. Tone. "Wanasema umechoma mashua yangu na pini."

"Mbao imeoza, Papa."

"Vitu vingi vimeoza katika nchi hii, Mama, na tunasafiri navyo."

Landry alicheka kidogo, kisha akaona mukubwa wake hacheki, akaacha.

Gavana aliweka kikombe chini. "Nikuulize. Bwana yako Abdoul alipokufa na kipindupindu, ndugu zake wenyewe walisimama ng'ambo ya barabara. Nani alishika mbele ya jeneza?"

"Njo wewe, Papa."

"Mimi mukristo, nikavua viatu, nikaingia kaburini. Na chama kiliposema mwanamuke wa kilemba hawezi kuwa waziri, nani alisema basi na mimi siwi gavana?"

"Njo wewe. Sijasahau hata siku moja."

"Mimi siombi shukrani."

"Unaomba sinyatire."

"Njo hiyo." Akasogeza karatasi mpaka ikagusa kisahani chake. "Mukubwa wa chama anafika Moba kesho na ndege. Akikuta uwanja mutupu, kesho kutwa mimi niko kijijini Niemba ninalima muhogo."

"Muhogo haumuzamishi muntu, Papa."

Tone, ikasema ndoo.

Gavana alipumua. Alikuwa anampenda Mama Mouna, hiyo lazima tuseme. Kwa sababu anampenda, aliamua kumutisha kwa upole. Alifungua mutoto wa meza akatoa kopo la biskuti, la bati, lenye picha ya farasi wawili.

Ndani ya kopo hakukuwa biskuti. Kulikuwa barua kumi, moja ya kila waziri, katika nakala mbili mbili zenye kubanwa na kipini. Kila barua ilisema: ninaomba kuacha kazi yangu kwa hiari yangu mwenyewe. Kila moja ilikuwa na sinyatire. Hakuna hata moja yenye tarehe. Walizitia sahihi wote siku ile ile ya kiapo, mumoja nyuma ya mwengine, kama watu wanaoacha viatu mulangoni mwa musikiti. Tarehe njo ilibaki mali ya Gavana.

"Hii yako," alisema. "Nikiweka tarehe hapa, wewe ni mwalimu mustaafu."

"Weka."

Gavana alimutazama. Kopo lile lilikuwa limetoka mezani mara ine tangu kiapo. Mara ine wanaume walishika kalamu bila kuuliza. Waziri wa mifugo aliomba mpaka kitambaa cha kupangusa macho. Hakuna aliyewahi kusema weka.

Lakini gavana aliyefungua kopo mbele ya watu hawezi kulifunga hivi hivi. Alibonyeza kengele.

Akaingia Mama Elisabeth, sekreteri wa barua. Alikuwa na miwani yenye kamba na miaka makumi tatu na moja kwenye dirisha lile moja la barua. Alikuwa amezika magavana saba, wote wakiwa hai.

"Mama Elisabeth, chukua barua hii," alisema Gavana, macho yake kwa Mama Mouna. "Weka tarehe ya leo."

"Ndiyo, Ekselansi."

"Ya leo, nimesema."

"Nimesikia, Ekselansi." Mulango ukafungwa.

"Bado kuna dakika, Mama Mouna. Tia sinyatire, nimuite arudi."

Mama Mouna alikunywa chai. "Tangawizi hii umeitoa wapi? Iko nzuri."

"Kijiji cha Bendera. Usinichezee."

"Sikuchezei, Papa. Mutoto wangu yuko ndani ya mashua ile. Ingekuwa mashua nzima, ningetia sinyatire mara mbili, moja ya chama na moja yako wewe."

Landry aliangalia saa. Ndoo ikasema maneno yake. Mulango ukafunguka.

Mama Elisabeth alikuwa na nakala moja tu mukononi. Juu yake kulikuwa tarehe, muhuri wa kupokea, saa, na namba kwa wino mwekundu. Alimupita Gavana, akampa Mama Mouna kwa mikono miwili.

"Akize yako, Mama. Barua yako imepokelewa. Namba mia ine kumi na saba."

Gavana aliinuka nusu kitini.

"Umefanya nini?" aliuliza Gavana.

"Nimeiandikisha, Ekselansi."

"Nilisema uweke tarehe!"

"Barua isiyo na tarehe ni karatasi tu. Ikipata tarehe ni barua. Barua inaingia ndani ya rejista. Ikiingia ndani ya rejista, mwenyewe anapewa akize. Njo kazi yangu tangu nikiwa na meno yote."

"Futa."

"Rejista ni ya wino, Ekselansi. Na nakala ya asembele, ya wabunge wa jimbo, imekwisha kutoka. Plantoni, yule tarishi, alikuwa anaenda na zingine, nikamuongezea."

"Ulikuwa na haraka ya nini?"

"Huwa mnasema niko pole pole sana kazini," alijibu Mama Elisabeth. "Nimejirekebisha."

Akatoka. Kama alifanya kwa mazoea au kwa makusudi, uso wake haukusema. Ulikuwa uso wa dirisha la barua.

Kwa hiyo, tangu saa ine kasoro dakika nane, jimbo halikuwa na waziri wa usafiri. Na ruhusa ya pekee inatiwa sahihi na watu watatu tu: waziri, au yule anayekaa kwenye nafasi yake akiwa hayupo, au Gavana mwenyewe.

Landry alimupigia haraka yule wa pili, Papa Bonaventure, waziri wa mifugo. Alitia simu kwenye sauti ya juu.

"Ekselansi, niko Pepa!" ilisema sauti. "Kuna ng'ombe hapa anazaa. Anazaa vibaya!"

"Unarudi lini?"

"Mutandao..." ilisema sauti, wazi kabisa, bila kukwaruza. Kisha ikakata. Haikurudi tena siku ile.

Mama Mouna alisimama, akakunja akize yake mara mbili.

"Basi imebaki wewe, Papa. Sinyatire yako tu. Wino njo ule ule."

Gavana alivuta karatasi. Akaisoma, na ilikuwa mara ya kwanza anaisoma. Alifika kwenye abiria mia tatu. Alifika kwenye hali ya chombo, nzuri sana. Kalamu ilikaa juu ya mustari kama nzi asiyejua kutua.

Akaiweka chini bila sinyatire.

"Landry," alisema, "hii mashine ya baridi ina shida gani?"

"Kumbe," alisema Mama Mouna pole pole. Alimupa mukono, kwa heshima ya jeneza, akatoka.

*

Uani dereva wake alikuwa tayari anafungua kibendera kidogo cha waziri mbele ya gari. Alifanya kwa aibu, akizungusha nati bila kumutazama.

"Nisamehe, Mama. Habari imefika chini mbele yako."

"Fungua tu, mwanangu. Usiharibu nati."

Alipanda pikipiki ya kukodi, amekaa upande, mukoba juu ya magoti. Ndani ya mukoba, ndani ya kitambaa cha mukono, kulikuwa muhuri wa wizara. Hakuwahi kuuacha ofisini tangu Jumapili moja ambapo muhuri ulijifungulia kabati na kuruhusu lori la muntu. Na waziri anayetoka harudishi muhuri mezani hivi hivi. Anaukabidhi kwa mupya, mbele ya mashahidi. Mupya hakuwepo. Alikuwa anazalisha ng'ombe.

Kabla ya kufika daraja la Lukuga, jeep ya kabine ilimupita kwa mbio. Kwenye dirisha aliona viatu vya rangi ya maziwa, vimeinuliwa juu ya kiti.

Alipofika gatini, watu mia tatu walikuwa tayari ndani. Wengine walikaa juu ya ukingo, miguu nje, sura ya Mukubwa ikitazama maji. Ngoma zilikuwa chini. Djamila hakuonekana.

Papa Damien alikuwa ameshika karatasi mbali na macho yake. Landry alisimama karibu.

"Mama," alisema Damien, "hii sinyatire ni yako?"

Mama Mouna aliangalia. Juu ya jina lake mustari haukuwa tena mutupu. Tarehe ilikuwa ya jana.

"Si yangu. Yangu ni mbaya kuliko hii."

"Jana alikuwa waziri," alisema Landry. "Sivyo?"

"Nilikuwa."

"Leo si waziri."

"Si waziri."

"Basi, Papa Damien, muntu asiye waziri hawezi kukana sinyatire ya waziri."

Papa Damien alitafuta kosa ndani ya maneno yale. Alijua liko, lakini lilikuwa limejificha vizuri. Akageuza karatasi, akaigeuza tena.

"Haina muhuri," alisema mwishowe.

Wote watatu wakautazama mukoba.

Landry alimuvuta pembeni. Sasa alisema kama mutoto anayemuomba shangazi yake. "Mama Mouna, gonga tu. Ni ya jana, haikuhusu tena. Gavana amesema kesho anakuteua upya, na rejista itapata ajali ya chai. Anakuomba. Yeye alikushikia jeneza. Wewe huwezi kumushikia muhuri?"

Neno hilo lilimuingia pahali pake. Mama Mouna alimuona tena Gavana kijana, viatu mukononi, udongo mwekundu mpaka magotini, peke yake katika muji muzima. Macho yake yakajaa maji. Akafungua mukoba, akafungua kitambaa.

Landry alitabasamu. Akatandaza karatasi juu ya nguzo ya kufungia kamba, akailainisha kwa kiganja.

"Mwambie Papa Gavana," alisema Mama Mouna, "jeneza alilolishika lilikuwa na muntu mumoja."

Na akaufungua mukono juu ya maji.

Muhuri ulianguka kati ya gati na mashua. Haukupiga kelele nyingi. Ni kitu kidogo.

Landry aliangalia viduara mpaka vikaisha. "Ziwa halitoi akize, Mama," alisema. Kisha akamugeukia nahodha, akapaza sauti: "Chama kimesema! Toa!"

"Hapana!" alilia Papa Damien. "Hapana! Hakuna kutoka!"

Lakini ngoma zilikuwa zimeanza, na sauti ya muntu mumoja haishindi ngoma sita. Kwa hiyo Papa Damien alifanya kile alichoweza. Alishika filimbi, akajaza kifua, akapiga kwa nguvu zake zote.

Papa Damien alikuwa na filimbi moja. Na kwa miaka kumi na ine, alikuwa ameipiga kwa sababu moja tu: mashua iondoke.

Nahodha alisikia, akainua mukono kumushukuru. Kamba ikafunguliwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Injini ikatoa moshi mweusi, na Neema ya Marungu ikajitoa gatini, nzito, kama mama anayeinuka na mutoto mugongoni.

Papa Damien alibaki na filimbi mudomoni. Hakuthubutu kuipiga tena.

Mama Mouna alikimbia pembeni ya gati. Alitafuta ile shanga nyekundu, kiganja kimoja juu ya maji. Aliona buluu. Aliona nyeupe. Chini ya nyeupe aliona maji. Shanga haikuonekana, kwa sababu mashua yenye watu mia tatu haikai juu kama mashua tupu.

"Djamila!" aliita. "Djamila!"

Wimbo ulifika mahali pa kupumua. Juu ya ukingo wa mashua, katikati ya sura zile zote zenye kucheka, akatokea binti yake. Alikuwa anacheka na yeye, mukono mumoja una damu kidogo, mukono mwengine uko juu, na ndani ya vidole kuna kitu chembamba kinachong'aa kwenye jua.

"Mama! Pini ya bibi! Ilikuwa inatokeza huku chini, imenichana! Usijali, nimekwisha kuichomoa!"

Shanga ilikuwa bado kichwani mwa pini. Ilikuwa imepita ndani ya ubao bila kukwama.